Fyuzi ya ukaribu: kombora linaloamua lenyewe lilipuke lini

Leo tuache kidogo mambo ya tovuti na hifadhidata, tuingie kwenye historia. Nataka tuzungumzie kifaa kimoja chenye ukubwa wa chupa ya soda hivi, ambacho kilitengenezwa kwa siri kubwa wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, na ambacho wahandisi wa leo wanakirudia tena, safari hii kwa ajili ya mizinga ya helikopta za mashambulizi. Jina lake ni fyuzi ya ukaribu.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Sizungumzii fyuzi ile ya nyumbani inayokatika stima ikizidi. Fyuzi ya kombora ni kile kidude kinachokaa kwenye ncha yake na kuamua ni wakati gani baruti iliyo ndani ilipuke. Kombora lisilo na fyuzi ni kipande cha chuma tu kinachopita hewani.

Mimi si mwanajeshi, ni mtunzi wa programu. Lakini nikisoma historia ya kifaa hiki naona ndani yake maswali yale yale yanayotusumbua sisi mbele ya tarakilishi. Unafanyaje kazi na makosa ambayo huwezi kuyaondoa? Bidhaa inayofanya kazi nusu ya wakati inafaa kutolewa? Na ukishakipa kifaa uwezo wa kuamua, nani anabeba uamuzi ule?

TATIZO LENYEWE

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Ndege ya kivita ni nyoka wa namna hiyo, kila fimbo iko mbali naye. Yeyote aliyewahi kurushia embe mawe akiwa mtoto anajua jinsi ilivyo vigumu kulipiga embe lililotulia tawini. Sasa lifikirie embe linalokimbia kilomita 400 kwa saa, liko kilomita kadhaa juu yako, na linabeba mabomu.

Kombora likitoka mzingani huchukua sekunde nyingi kufika huko juu. Kwa hiyo wapiga mizinga hawalengi pale ndege ilipo, wanalenga pale wanapodhani itakuwepo kombora litakapofika. Na kwa kuwa kuigonga ndege yenyewe ni bahati nasibu, kabla ya fyuzi ya ukaribu walitumia fyuzi ya saa. Kabla ya kufyatua, fyuzi ilitegwa ilipuke baada ya muda fulani, tuseme sekunde 12, kwa matumaini kuwa ndege itakuwa karibu na pale mlipuko utakapotokea.

Hebu tupige hesabu. Kombora likiwa linakwenda mita 500 kwa sekunde, kosa la sehemu moja ya kumi ya sekunde kwenye fyuzi linalihamisha mlipuko mita 50. Hapo hatujagusa kosa la kupima umbali, kosa la kukisia mwendo wa ndege, upepo, wala rubani aliyeamua kupinda kidogo. Makosa hayo hujumlishana. Ndiyo maana London iliposhambuliwa kutoka angani mnamo Septemba 1940, makadirio yalikuwa kwamba kuangusha ndege moja tu kuligharimu makombora karibu 20,000.

Kulikuwa na njia mbili za kutoka hapo. Ya kwanza ni kuboresha utabiri, yaani rada bora na mashine bora za kukokotoa, na kazi hiyo ilifanywa. Ya pili ni kuacha kutabiri ule muda wa mwisho kabisa, na badala yake kulipa kombora lenyewe kihisi, lipime lenyewe liko karibu na kitu au la. Ukifanya hivyo umelifuta kosa moja kubwa katika yale yote. Kombora halihitaji tena kuambiwa saa ya kulipuka, litaijua likifika.

WAZO LILILOVUKA BAHARI

Kwa upande wa Uingereza, William Butement na wenzake ndio waliochora saketi ya redio ambayo ingeweza kufanya kazi hiyo. Lakini Uingereza ya mwaka 1940 ilikuwa imebanwa. Viwanda vilikuwa vinashambuliwa na wahandisi walikuwa na kazi nyingi za dharura. Mnamo Septemba mwaka huo ujumbe ulioongozwa na Henry Tizard ulikwenda Marekani ukiwa umebeba siri za kisayansi za Uingereza, nchi ambayo haikuwa na nguvu ya kuzitengeneza peke yake. Mchoro wa fyuzi ya ukaribu ulikuwa mmoja wa siri hizo.

Huko Washington ujumbe ulikuta kazi imeshaanza. Mwezi mmoja kabla, Agosti 1940, mwanafizikia Merle Tuve alikuwa amepewa kikosi kidogo kilichoitwa Sehemu T, kifikirie jambo hilo hilo. Walijaribu njia kadhaa, ikiwemo ya kutumia mwanga. Njia ya redio ndiyo iliyoshinda, kwa sababu inafanya kazi mchana na usiku, penye mawingu na pasipo na mawingu.

Mwaka 1942 kazi ilikuwa imekua kiasi cha kuhitaji maabara yake yenyewe. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kilikubali kuisimamia, ikahamia Silver Spring, Maryland, katika jengo lililokuwa karakana ya magari. Hapo ndipo ilipozaliwa Maabara ya Fizikia Tumizi ya chuo hicho, ambayo ipo hadi leo.

REDIO NDANI YA KOMBORA

Msomaji wa leo anaweza kushangaa ugumu ulikuwa wapi. Redio ni kitu cha kawaida, sivyo? Lakini kumbuka transista ilivumbuliwa mwishoni mwa 1947. Redio ya 1940 ilitegemea valvu, yaani vichupa vya kioo visivyo na hewa, vyenye nyuzi nyembamba ndani. Ukiiangusha redio ya namna hiyo kutoka mezani, mara nyingi huo ndio mwisho wake.

Sasa chukua redio hiyo, ifinye iingie kwenye ncha ya kombora, kisha ifyatue kutoka mzingani. Wakati wa kufyatuliwa, kila kitu ndani ya kombora hukandamizwa kwa nguvu inayofikia mara 20,000 ya uzito wake. Kivalvu cha gramu 5 kinageuka kana kwamba kina uzito wa kilo 100. Mara tu baada ya hapo kombora linazunguka kama pia. Kwa mzinga wa inchi 5 wa jeshi la majini la Marekani hiyo ni mizunguko zaidi ya 200 kila sekunde. Na baada ya mateso hayo yote, redio inatakiwa iwake na ifanye kazi vizuri.

Watu wa Tuve hawakuanza na nadharia ndefu. Walichukua vivalvu vidogo vilivyokuwa vikitumika katika vifaa vya kuwasaidia wenye uziwi kusikia, wakavirusha juu moja kwa moja kwa mzinga waliojiundia, kisha wakaenda shambani kuvifukua ardhini waone ni kipi kimevunjika na kimevunjika wapi. Wakarekebisha, wakarusha tena. Sisi tungeita hiyo kuendesha programu na kusoma kumbukumbu za hitilafu, tofauti ni kwamba wao kumbukumbu zao walizichimba kwa koleo. Mmoja wa vijana walioshughulikia uimara wa valvu hizo alikuwa James Van Allen, yule ambaye mwaka 1958 aligundua mikanda ya mionzi inayoizunguka dunia na ambayo leo ina jina lake.

Betri nayo ilikuwa kichwa cha maumivu. Betri kavu za kwanza zilikuwa zinakufa zikikaa ghalani, hasa kwenye joto. Jibu lao linanifurahisha hadi leo. Walitengeneza betri ambayo haikuwa hai kabisa hadi dakika ya kufyatuliwa. Maji yake ya asidi yaliwekwa ndani ya kichupa cha kioo katikati ya sahani za betri. Kombora likifyatuliwa, ule mshtuko unavunja kichupa, na ule mzunguko unayasambaza maji hadi kwenye sahani. Mambo yale yale mawili yaliyokuwa maadui wa valvu yakafanywa kuwa swichi ya kuwashia.

Na usalama? Hakuna mpiga mzinga anayetaka kombora linaloweza kulipuka mbele ya pua yake. Kwa hiyo waliweka swichi ya zebaki. Kombora likiwa limetulia, zebaki inaunganisha nyaya kwa namna inayoizuia fyuzi isilipue. Kombora likizunguka, zebaki inasukumwa taratibu kupita kwenye kizuizi chenye vitundu vidogo, na ikishatoka yote ndipo fyuzi inakuwa tayari. Wakati huo kombora limeshakuwa mbali na meli.

INAVYOFANYA KAZI

Nadhani sehemu hii ndiyo itakayowavutia wengi wenu. Simama kando ya barabara kuu, matatu ije kwa kasi huku imebonyeza honi. Ikija, sauti ni nyembamba. Ikishakupita, sauti inashuka na kuwa nzito. Honi ni ile ile, kilichobadilika ni mwendo wa matatu kukuelekea na kukuacha. Hilo ndilo jambo linaloitwa athari ya Doppler.

Fyuzi inafanya hivyo kwa redio. Saketi ndogo inatoa mawimbi, na mwili wa kombora wenyewe unatumika kama antena. Mawimbi yakigonga ndege yanarudi, na kwa kuwa kombora na ndege vinakaribiana, yanarudi yakiwa na masafa tofauti kidogo na yale yaliyotoka. Yale yanayotoka na yale yanayorudi yakikutana yanatoa mdundo. Tukichukua mawimbi yenye urefu wa mita 1.5 na mwendo wa kukaribiana wa mita 600 kwa sekunde, mdundo huo ni mara 800 kwa sekunde. Ukiupeleka kwenye spika, ni sauti ambayo sikio la kawaida linaisikia vizuri.

Kadiri kombora linavyokaribia, mdundo unapata nguvu. Saketi ya kukuza inausikiliza mdundo wa masafa hayo tu na kuyapuuza mengine. Nguvu yake ikivuka kiwango kilichowekwa, valvu ya mwisho inafunguka kama bomba la maji, umeme uliohifadhiwa unamwagika kwenye kiwasha baruti, na mambo yanaisha. Kwa lugha yetu ni programu ya mstari mmoja: kama mdundo umezidi kiwango, lipuka. Haina tarakilishi, haina kumbukumbu, na haiwezi kurekebishwa ikishatoka kiwandani.

Kile kiwango ndicho chenye kazi. Ukikiweka chini mno, kombora litalipuka kwa kuona mawimbi ya bahari au mvua. Ukikiweka juu mno, litapita kando ya ndege kimya. Yeyote aliyewahi kuandika kichujio cha barua pepe taka anajua mzozo huo: ukibana huku, panavuja kule.

SHABAHA YA KWANZA ILIKUWA NDEGE ISIYO NA RUBANI

Mnamo Januari 1942 fyuzi zilijaribiwa kwa makombora, na asilimia 52 zikafanya kazi. Kiwango kilichokuwa kimewekwa ni asilimia 50. Basi, amri ya kuanza kuzitengeneza kwa wingi ikatolewa. Jamani, hebu fikirini hilo. Bidhaa iliyoshindwa karibu nusu ya wakati ikapelekwa kiwandani! Lakini hesabu iliwaunga mkono, kwa sababu nusu ya makombora yanayojua yamefika ni bora mara nyingi kuliko yote yanayobahatisha. Walitoa walichonacho, wakaendelea kuboresha.

Agosti 1942 meli mpya ya kivita, USS Cleveland, ilipelekwa kwenye Ghuba ya Chesapeake kwa jaribio la kweli. Shabaha zilikuwa ndege tatu ndogo zisizo na rubani, zinazoongozwa kwa redio. Zote tatu ziliangushwa kwa makombora machache. Nawaomba mkumbuke jambo hili, tutalirudia: kitu cha kwanza kabisa kuangushwa na meli kwa fyuzi hii kilikuwa droni.

Tarehe 5 Januari 1943, karibu na kisiwa cha Guadalcanal, meli USS Helena iliangusha ndege ya Japani kwa kombora lenye fyuzi hiyo. Hapo fyuzi ya ukaribu ikawa silaha ya vita.

KUTOKA DOLA 732 HADI DOLA 18

Watu hupenda kusimulia uvumbuzi kana kwamba ukishapata wazo kazi imekwisha. Wazo lilikuwepo kwenye nchi kadhaa. Ujerumani nayo ilikuwa na miradi mingi ya fyuzi za namna hii, lakini hakuna uliofika vitani kwa wingi. Tofauti ilikuwa kiwandani.

Fyuzi moja iligharimu dola 732 mwaka 1942. Kufikia 1945 bei ilikuwa dola 18. Jumla ya fyuzi zilizotengenezwa ilikaribia milioni 22, na kila moja ilikuwa redio kamili. Kampuni zilizokuwa zikitengeneza redio na vifaa vya nyumbani, kama Crosley ya Cincinnati, ziligeuzwa kwa kazi hiyo. Wafanyakazi wengi walikuwa wanawake waliokaa mezani wakiunganisha vipande vidogo kwa mikono, bila kuambiwa ni vya nini. Hata jina la VT lililopewa fyuzi lilikuwa la kupoteza maboya: herufi hizo zilielezwa kuwa zinamaanisha muda unaobadilika, ili anayesikia adhani ni aina nyingine tu ya fyuzi ya saa.

LONDON, KISHA UBELGIJI

Kwa muda mrefu fyuzi hizi ziliruhusiwa kutumika juu ya bahari tu. Hofu ilikuwa kwamba moja ambayo haikulipuka ingeokotwa na adui, akaiiga. Baharini ushahidi unazama.

Mwaka 1944 mambo yakabadilika. Kuanzia Juni, Ujerumani ilianza kuirushia London mabomu ya V-1, ambayo yalikuwa ndege ndogo zisizo na rubani, zenye injini yake na tani karibu moja ya baruti. Walinzi wakahamishia mizinga pwani ya kusini mwa Uingereza, wakaunganisha vitu vitatu: rada ya SCR-584, mashine ya kukokotoa ya M9, na fyuzi ya ukaribu. Rada iliona, mashine ikatabiri, fyuzi ikamalizia. Katika siku moja ya mwisho wa Agosti 1944 yalihesabiwa mabomu 104 yakija. Manne tu ndiyo yaliyofika London.

Hiyo ndiyo sura nzuri ya hadithi. Ipo nyingine.

Ile programu ya mstari mmoja haijui ndege ni nini. Inajua kitu kinachorudisha mawimbi tu, na ardhi inarudisha mawimbi vizuri kuliko ndege. Ukilirusha kombora kwa mizinga ya nchi kavu, litalipuka mita chache juu ya ardhi na kunyeshea vipande vya chuma chini. Askari aliyechimba shimo akajificha yuko salama kiasi dhidi ya kombora linalolipuka likigusa ardhi. Dhidi ya lile linalolipuka juu ya kichwa chake, shimo halina paa.

Desemba 1944, Wajerumani waliposhambulia kwenye misitu ya Ardennes nchini Ubelgiji na Luxembourg, fyuzi hizo zikatumika dhidi ya watu. Jenerali Patton aliandika kuwa kikosi kimoja cha Wajerumani kilichokuwa kikijaribu kuvuka mto Sauer kilipigwa kwa makombora hayo, na waliokufa walihesabiwa kuwa 702. Aliongeza kwamba majeshi yote yakiwa na kombora hilo, itabidi itafutwe namna mpya kabisa ya kupigana. Kifaa kilichotengenezwa kuzilinda meli na ndege zinazoshambulia kilikuwa kimegeuka kuwa kifaa cha kuua watu mashimoni. Vita havina macho, na fyuzi nayo haikuwa nayo.

KUPUNGUA HADI MILIMITA 30

Fyuzi ya wakati wa vita ilikuwa na kasoro moja ambayo hakuna ujanja uliweza kuiondoa: ukubwa. Iliingia vizuri kwenye kombora la inchi 5, yaani milimita 127. Haikuingia kwenye kombora la milimita 40 la mzinga wa Bofors, ambao ndio uliokuwa umejaa kwenye meli. Vita vilipokuwa vinaisha na marubani wa Japani wakijigongesha melini makusudi, jeshi la majini la Marekani liliamua kuunda mzinga mpya wa kufyatua haraka wa inchi 3, kwa sababu hilo ndilo lililokuwa kombora dogo kabisa lililoweza kuibeba fyuzi. Mzinga mzima ulichaguliwa ili uitoshee redio iliyo ndani ya kombora lake.

Kisha zikaja transista, na baada yake saketi zilizounganishwa kwenye kipande kimoja cha silikoni. Miaka ya 1970 Bofors ya Sweden ilikuwa na kombora la milimita 40 lenye fyuzi ya ukaribu. Milimita 127, 76, 40. Ngazi hiyo inashuka kwa mwendo ule ule ulioziingiza redio na tarakilishi mifukoni mwetu.

Ngazi inayofuata ni milimita 30, na hapo ndipo tunapoifikia helikopta.

HELIKOPTA NA DRONI

Helikopta ya Apache ya Marekani ilianza kupelekwa jeshini mwaka 1984. Ilizaliwa kuwinda vifaru. Chini ya pua yake kuna mzinga wa M230 wa milimita 30, unaofuata mahali rubani anapoelekeza kichwa chake, unaofyatua risasi zipatazo 625 kwa dakika na kubeba hadi 1,200. Risasi yake ya kawaida, M789, imeundwa itoboe chuma na kutawanya vipande, lakini lazima igonge kitu kwanza. Kwa gari au jengo hiyo si shida. Risasi 10 kwa sekunde zikitawanyika kidogo, mojawapo itagonga.

Sasa mpe rubani huyo shabaha ya siku hizi. Droni ya Shahed-136, ambayo Urusi imeirusha kwa wingi dhidi ya Ukraine tangu 2022, ina mabawa ya mita 2.5 kutoka ncha hadi ncha na mwendo wa kilomita 185 hivi kwa saa. Ikiwa iko kilomita moja mbele, risasi inachukua kati ya sekunde moja na nusu na mbili kufika. Ndani ya muda huo droni imesogea mita 75 hadi 100, na helikopta nayo haijatulia. Tumerudi pale pale kwa wapiga mizinga wa London mwaka 1940.

Kombora la kuongozwa lingeweza kumaliza kazi, na limewahi kufanya hivyo. Shida ni pesa. Kombora moja la Hellfire linazidi dola 100,000. Makadirio mengi yanaiweka Shahed kati ya dola 20,000 na 50,000, na droni ndogo za mabawa yanayozunguka ni za bei ya simu nzuri. Anayejilinda kwa kitu ghali kuliko kinachomshambulia anashindwa polepole hata akipiga kila shabaha.

Ndiyo maana jeshi la Marekani limeunda risasi ya milimita 30 yenye fyuzi ya ukaribu. Ya kwanza, iliyopewa jina XM1211, ilikusudiwa mizinga iliyofungwa kwenye magari ya kujilinda dhidi ya droni, na kazi ya kuifikisha risasi ya aina hiyo kwenye mzinga wa Apache ikafuata. Kombora la inchi 5 la mwaka 1943 lilikuwa na uzito wa kilo 25. Kichwa cha risasi ya M230 hakifiki robo kilo. Redio, betri, usalama na kiwasha baruti vyote vimebanwa ndani ya kitu chepesi mara mia, kinachofyatuliwa kumi kila sekunde.

Maswali ya zamani yamerudi pamoja nayo. Droni ndogo ni ya plastiki, inarudisha mawimbi hafifu, kwa hiyo kiwango kinatakiwa kiwe chini. Lakini helikopta hupigana karibu na miti, vilima na paa za nyumba, kwa hiyo kiwango kinatakiwa kiwe juu. Ni mzozo ule ule wa mawimbi ya bahari, ila sasa uko juu ya vijiji. Swali la dola 732 na dola 18 nalo limerudi. Risasi hii ina maana ikiwa tu inaweza kutengenezwa kwa mamilioni kwa bei ya chini. Ikibaki ghali itakuwa Hellfire ndogo.

TUNALOJIFUNZA

Nikiitazama miaka hii zaidi ya 80 naona fundisho moja kwa sisi tunaotengeneza vitu. Butement, Tuve na wenzao walikubali kwamba utabiri una mwisho wake. Hakuna hesabu ambayo ingejua rubani ataamua nini sekunde nane zijazo. Kwa hiyo walikiweka kihisi pale pale jambo linapotokea, wakaufanya uamuzi uwe mdogo kiasi cha kutosha kwenye mstari mmoja, kisha wakatumia akili zao zote kuufanya mstari huo uvumilie mshtuko, joto na miaka ya kukaa ghalani.

La pili ni zito zaidi. Uamuzi ulipohamia ndani ya kombora, haukuhama pamoja na dhamira. Fyuzi iliyoiokoa London mwezi Agosti ndiyo iliyonyesha chuma kando ya mto Sauer kabla mwaka mpya haujakomaa. Risasi ya milimita 30 inayotafuta droni leo itaiona ardhi kwa jicho lile lile, na helikopta inayoibeba iliundwa tangu mwanzo kushambulia vilivyo chini yake. Msije mkaambiwa ni silaha ya kujilinda na droni peke yake. Kihisi hakijui kilichompeleka pale ni kulinda au ni kushambulia. Anayejua ni mtu aliyeifyatua, na kadiri tunavyoingiza mistari mingi zaidi ya msimbo katikati ya mtu huyo na mlipuko, ndivyo inavyotupasa kuuliza mara nyingi zaidi nani atajibu.

Haya, kwa leo nakomea hapo. Wenye maoni karibuni, hasa ninyi mnaochezea saketi za redio. Siku nyingine tutaitazama ile mashine ya M9 iliyokuwa ikikokotoa bila tarakimu hata moja, maana nayo ina kisa chake.

Wasalaam.